Salamu za Marehemu

Mzee Muganyizi wa Muleba alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na kufikia Agosti alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba akikohoa katikati, jirani yeyote angeweza kumalizia. Hadithi yenyewe ni hii. Mama yake mzazi, Bibi Paskazia, alifariki mwezi wa Julai, na mjukuu wake Kokulinda, binti wa Muganyizi, alikuwa Mwanza katikati ya mitihani ya mwisho ya chuo kikuu. Muganyizi akauita ukoo mzima uani, kabla hata jeneza halijafika, akasema: "Mtoto asiambiwe. Atakayemwambia, mimi na yeye hatujuani tena." Ukoo ukatii. Wakamzika bibi kwenye migomba, wakakaa matanga, na kila asubuhi Muganyizi akawa anapiga simu Mwanza kwa sauti yake ya kila siku, anauliza mitihani inakwendaje. Hakutoa chozi hata moja, maana mtu akishalia sauti hubadilika, na binti yake ana sikio kali.

"Wenzangu wanazika wazazi wao huku wanalia," alikuwa akimalizia, mikono kiunoni. "Mimi nilizika nikiwa kazini. Na mtoto akafanya mtihani wake kwa amani."

Nani amlaumu? Kumficha msiba mwanafunzi aliye kwenye mtihani ni jambo ambalo kila ukoo wenye msomi umewahi kulifanya, na hakuna anayeliita uongo. Halafu huyu hakuwa msomi wa kubahatisha. Kokulinda alikuwa anasomea ualimu wa hisabati, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, na kwa jinsi Wahaya wanavyotaniwa kwa kupenda kisomo, utaelewa kwamba kijiji kizima kilikuwa kinahitimu pamoja naye. Katekista alishaulizwa kuhusu misa ya shukrani. Mama yake, Specioza, alishachagua kitenge.

Hadithi ya Muganyizi ilikuwa na kasoro moja tu. Kokulinda alijua.

Alijua tangu siku ya pili ya msiba. Ilikuwa alasiri, yuko katika chumba alichopanga Mkolani, maharage yako jikoni na daftari liko magotini, akashika simu kupumzisha macho. Binamu yake Revocatus alikuwa ameweka picha kwenye status. Ni Bibi, amevaa kilemba chake cheupe cha Jumapili, na chini yake maneno: Pumzika kwa amani, nguzo yetu. Kokulinda aliitazama mpaka ikajifunga. Alipotaka kuifungua tena haikuwepo. Bila shaka kuna mtu alimfokea Revocatus mpaka simu ikamdondoka mkononi, lakini yule kijana alikuwa amechelewa, na maharage ya Kokulinda yaliungua hadi wenye nyumba wakaja kugonga mlango.

Kesho yake saa moja asubuhi baba yake akapiga kama kawaida.

"Shikamoo taata."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Leo una mtihani?"

"Leo sina. Kesho ndiyo Takwimu."

"Vizuri. Kula ushibe. Sisi huku wazima kabisa."

Nyuma yake watu walikuwa wanaimba, sauti nyingi, polepole, namna watu wanavyoimba wakiwa wamekaa chini.

"Nasikia nyimbo, taata."

"Aa, hao ni jumuiya. Leo wanasali kwetu." Mzee akakohoa. "Bibi anakusalimia sana."

Kokulinda alikuwa amesimama mlangoni, akajishika kwenye fremu. Hapo alielewa mambo mawili kwa mpigo mmoja. Kwamba bibi yake amekufa kweli. Na kwamba baba yake, mtu ambaye hata kwenye karata hawezi kuficha turufu yake, amesimama uani katikati ya waombolezaji, macho makavu, anamlinda kwa uongo. Alimpenda baba yake saa ile kuliko alivyowahi kumpenda, na alitamani kupiga yowe.

"Na mimi namsalimia," akasema. "Mwambie nikimaliza nakuja."

Basi, akaamua. Kama wale wote wameweza kujizuia kwa ajili yake, yeye atashindwaje kujizuia kwa ajili yao? Hakumwambia mtu. Hakulia, kwa sababu chumba cha kupanga kina kuta nyembamba. Jioni ile shangazi yake Jovina, anayeishi Ilemela, akamletea ndizi zilizopikwa na samaki. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumzika mama yake na kurudi na basi. Alikuwa amenyoa kichwa chote kama binti wa marehemu, na ili asigundulike alivaa wigi refu la kuazima, joto lote lile. Alijichekesha, akasema ametoka harusini Bukoba, harusi nzuri ajabu, watu wamecheza mpaka asubuhi. Kokulinda akamuuliza bibi harusi alivaaje. Wakala ndizi, wote wawili wanatabasamu, na hakuna aliyemwangalia mwenzake machoni.

Siku ya Takwimu aliingia ukumbini akiwa na kalamu tatu na rula. Swali la kwanza alilisoma, akalielewa, ni jambo ambalo alikuwa amewafundisha wenzake wiki nzima. Akaanza kuandika. Kilichotokea baada ya hapo hakukijua vizuri mpaka msimamizi alipotangaza kwamba zimebaki dakika ishirini. Kwenye kijitabu chake palikuwa na ukurasa mmoja na nusu wa majibu. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, kulikuwa na hesabu nyingine kabisa: waombolezaji mia tatu, siku nne, mikungu mingapi ya ndizi. Alikuwa amekaa saa mbili anapika msibani. Alikata hesabu ile kwa mstari, akakimbizana na dakika zilizobaki, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Mitihani iliyobaki aliifanya kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa kichwani, haangalii kulia wala kushoto, na yote alifaulu. Akarudi Muleba. Wakamkalisha sebuleni, wakamshika mikono huku na huku, wakamwambia. Alilia kwa nguvu hadi majirani wakaja, na watu wazima wakatazamana kwa kuridhika: mnaona, angeipata habari hii akiwa kule ingekuwaje? Siku tatu baadaye akamsikia baba yake, nje, kwa mara ya kwanza, anamsimulia mnunuzi wa kahawa ile hadithi yake.

Mwanzoni mwa Septemba matokeo yakatoka mtandaoni. Kokulinda alikuwa na sapu ya Takwimu.

Sapu siyo mwisho wa dunia. Ni mtihani wa marudio, kila mwaka watu wanaufanya na kila mwaka wanahitimu. Akiufaulu, mahafali ya Novemba yapo palepale. Akiufeli, anabaki mwaka mzima akisubiri somo moja, na wenzake wanavaa majoho. Hilo angeweza kulibeba. Ambalo hakuweza kulibeba ni swali atakaloulizwa nyumbani: umefeli kwa nini? Kwa sababu angepaswa kujibu, nilijua. Na akishasema nilijua, baba yake amefanya nini sasa? Amemzika mama yake kwa macho makavu bure. Amezuia machozi ambayo mtu hupewa mara moja maishani, halafu ukuta aliojenga ulikuwa na tundu tangu siku ya pili. Kokulinda aliona ni afadhali afeli mara mia kuliko kumwondolea baba yake fahari ile.

Aliaga kwamba anakwenda Mwanza kukamilisha karatasi za kumaliza chuo. Akajifungia Mkolani ili asome, na hakusoma. Kila alipofungua daftari kifua kilikuwa kinambana, kama mtu amemkalia. Alilala mchana. Alikula mkate mkavu, akasahau kuoga siku moja, ya pili akaona haina haja. Simu ya baba ikilia alikuwa anajipiga mashavu kwanza, anasimama wima, ndipo anapokea kwa sauti ya furaha. Alikuwa hodari wa jambo hilo kama baba yake.

Aliyekuja kumtoa mle ndani ni Malimi, Msukuma wa Kisesa, mwanafunzi mwenzake, mtu wa sauti kubwa ambaye huwezi kumfungia mlango kwa sababu ataongea kupitia dirishani. Malimi naye alikuwa na sapu, ya Fizikia, na alikuwa ameshawatangazia watu wote mpaka mama muuza chipsi. Alikuwa amekusanya wenye sapu wenzake, wakawa wanasomea kwenye mawe ya ziwani kila saa kumi.

"Mhaya ana sapu, na ziwa halijakauka!" alisema akiwa dirishani. "Toka nje bwana, tukuone."

"Niache, Malimi."

"Nikuache vipi? Takwimu nimefaulu kwa daftari lako. Swali la tatu lote nilikusikia wewe masikioni unaeleza. Sasa mwalimu anafelije halafu mwanafunzi anapita? Kichwa chako ni kizima, Koku. Kuna kitu kimekaa juu yake."

Labda ni ile namna alivyolisema, bila huruma nyingi. Kokulinda alifungua mlango, wakakaa kizingitini, akamweleza yote: picha, salamu, wigi, mikungu. Malimi, ambaye hajawahi kunyamaza dakika tano tangu azaliwe, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkata kauli.

"Kwetu mtu akifiwa anaambiwa kaa chini, usishike jembe," akasema mwishowe. "Wewe ulishika kalamu."

"Niliona nitaweza."

"Na karibu uweze! Karatasi tano, umepita nne na msiba tumboni. Mimi sina msiba na nimefeli." Akajikuna shingo. "Mwambie mzee."

"Nikimwambia, nimemnyang'anya hadithi yake."

"Utakuwa umemnyang'anya. Lakini hiyo hadithi umeibeba wewe mgongoni, yeye anaisimulia tu."

Kokulinda alimwambia aende zake. Kesho yake, hata hivyo, alioga, akateremka ziwani, akakaa na wenye sapu kwenye mawe. Alisoma kurasa mbili. Zilikuwa chache, lakini ni mbili zaidi ya jana.

Siku tano kabla ya mtihani, Jumamosi, simu ikalia asubuhi.

"Uko wapi, mwanangu? Mimi niko hapa bandarini."

Mzee Muganyizi alikuwa amepanda meli kwenye bandari ya Kemondo jana yake bila kumwambia mtu isipokuwa mkewe, na sasa amesimama Mwanza na mfuko wa kahawa na furaha ya mtoto. Amekuja kushonewa suti ya mahafali. Muleba mafundi wapo, tena wazuri, lakini suti ya binti anayehitimu Mwanza inashonwa Mwanza. Kokulinda alimpokea, akampeleka kwa fundi Ndalahwa pale Mkolani, mzee mpole mwenye miwani, asiye na haraka. Njiani alikuwa anajiambia: zimebaki siku tano tu, vumilia, ukishafaulu hakuna atakayejua chochote.

Fundi akamsimamisha Muganyizi katikati ya kibanda, mikono imenyooshwa pande zote mbili, akaanza kumpima kifua. Redio ilikuwa inaongea taratibu. Na Muganyizi, akiwa na mikono vile, akaanza.

"Unamwona huyu, fundi? Mwalimu wa hisabati huyu. Sasa nikwambie alivyomaliza. Mama yangu mzazi alifariki mwezi wa saba..."

Kokulinda alikuwa ameisikia hadithi ile mara kadhaa, siku zote kupitia ukuta au dirisha. Hakuwahi kusimama mbele ya uso wa baba yake akiisimulia. Ndipo alipoona. Mzee alifika kwenye yale maneno, "sikutoa chozi hata moja," akacheka, na midomo yake ikatetemeka. Ilikuwa kitu kidogo sana. Miezi miwili anasimulia, na miezi miwili hajalia. Hakuwa anajisifu tu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumruhusu.

"Taata," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba Bibi amefariki. Niliona kwa Revocatus siku ya pili. Ulivyonipa salamu zake nilikuwa nimeshajua."

Mikono ya Muganyizi ilibaki imenyooshwa. Fundi Ndalahwa alikuwa ameshika utepe kwenye kwapa lake, akaona hapa si mahali pa kusoma namba, akauachia.

"Ukasema nimwambie unakuja."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nilisikia umejikaza, taata. Nikaona aibu kukuangusha. Nikajikaza na mimi. Lakini Takwimu nimeifeli, nina sapu Alhamisi, na si kosa lako. Mlifanya vizuri. Ni mimi nilishindwa."

Sasa hapa ningependa kukuambia kwamba mzee alisema maneno ya busara. Hakusema. Alishusha mikono, akatafuta benchi kwa nyuma kama kipofu, akakaa, na kilio kikamtoka, kikubwa, cha kifuani, kilichocheleweshwa miezi miwili. "Mawe! Mawe waitu!" Anamwita mama yake kwa Kihaya katikati ya Mkolani, saa tano asubuhi. Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama. Fundi Ndalahwa akazima redio, akasukuma mlango nusu, akageukia cherehani yake na kuanza kuifuta vumbi lisilokuwepo. Kokulinda akakaa kando ya baba yake, akaegemea bega lake, akalia naye. Safari hii hakuigiza kwamba anasikia upya. Walilia msiba mmoja, kwa wakati mmoja, kwa mara ya kwanza.

Ilichukua muda mrefu. Mzee akafuta uso kwa kitambaa cha fundi ambacho nadhani kilikuwa mfuko wa suruali ya mtu.

"Nami nilidhani mkaidi ni mimi," akasema. Akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anashuka melini na kumwona. "Karatasi nne umefaulu?"

"Nne."

"Ukijua."

"Nikijua."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akasimama, akanyoosha mikono pande zote.

"Fundi, endelea."

"Mzee, kama bado hamjawa na uhakika wa mahafali, tunaweza kusubiri..."

"Pima," akasema Muganyizi. "Mwenye sapu ni binti, siyo suti."

Hawakurudi chumbani. Mzee alimpeleka moja kwa moja Ilemela kwa shangazi Jovina, kule juu nyumba zilikokaa katikati ya mawe, akamwambia dada yake mlangoni, kabla hata ya kusalimiana vizuri: "Huyu mtoto alijua." Shangazi alitoa macho. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, fupi, zenye mvi kuliko zamani.

"Na mimi na lile wigi kwenye joto lile! Ulijua?"

"Nilijua, shangazi. Ulikuwa umelivaa nyuma mbele."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, na akiwa chini akaanza kulia, na hivyo ndivyo matanga yalivyoanza upya. Muganyizi aliamuru siku mbili. Hakuna kushika jembe, hakuna kushika kalamu. Walitandika mkeka sebuleni, wakakaa watatu, wakamzungumza Bibi Paskazia: jinsi alivyokuwa anajifanya hasikii akiombwa kitu asichotaka kutoa, jinsi alivyomfukuza mchumba wa kwanza wa Jovina kwa ufagio, jinsi ambavyo hakujua kusoma lakini ukimwibia ndizi moja kwenye mkungu anajua, maana alikuwa amezihesabu. Kokulinda alieleza alivyokaa peke yake Mkolani na picha ile. Alieleza kifua kinavyombana, usingizi wa mchana, mkate mkavu. Alidhani wataogopa. Shangazi akasema na yeye alikuwa anabanwa hivyohivyo, tena kwenye basi, na Muganyizi akasema yeye anabanwa kila alfajiri saa ya kupiga simu. Hakuna aliyekuwa na dawa. Ila kitu kilichombana peke yake kilikuwa kimegawanywa sasa kwa watu watatu, na yeye, mwanahisabati, alijua kigawanyo kikiongezeka fungu la kila mmoja linapungua.

Siku ya tatu Malimi akaja kutoka Mkolani na mrundo wa maswali ya miaka iliyopita, akampigia Muganyizi shikamoo ya adabu kuliko zote alizowahi kutoa. Wakakaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ziwa liko chini. Mzee alivuta kigoda, akasema anasikiliza tu, halafu kama unavyojua watu wa namna yake, hakusikiliza tu.

"Hiyo mnayoiita mchepuo ni kitu gani?"

Kokulinda akafungua kinywa amjibu kama kitabu, akasita.

"Chukua mikungu yako kumi, taata. Kwa wastani kila mmoja una ndizi mia. Lakini huo wastani hauniambii kitu. Inawezekana yote ina mia mia. Inawezekana mmoja una mia mbili na mwingine ni wa aibu. Mchepuo unaniambia mikungu yako imetawanyika kiasi gani kutoka kwenye ile mia."

"Yangu haitawanyiki," akasema mzee.

"Basi mchepuo wako ni mdogo."

"Andika," Muganyizi akamwambia Malimi. "Mchepuo wa Muganyizi ni mdogo."

Malimi alicheka mpaka karatasi zikapeperuka. Kokulinda alikuwa ameshaendelea, anachora kwa chaki juu ya jiwe, anaeleza, anasahihisha, mkono unakwenda wenyewe. Huyu ndiye aliyekuwa amepotea. Sitakudanganya kwamba huzuni ilikwisha. Asubuhi ya Jumatano aliamka kifua kimebana vilevile. Tofauti ni kwamba alitoka nje, akawaambia waliokuwa wanakunywa chai: "Leo kimebana." Shangazi akasogea kwenye mkeka, akampa kikombe. Wakakaa mpaka kikaachia, kisha akaenda kusoma.

Alhamisi Muganyizi alimsindikiza hadi lango la chuo. Hakukatazika. Alivaa koti lake la kanisani, akambebea rula. Walikuwa wamefika langoni, wanafunzi wanapita na vitambulisho mkononi, simu ya mzee ikalia. Alikuwa Specioza, anaongea haraka, sauti inatoka nje ya simu bila maneno kusikika. Muganyizi akasikiliza. Akamtupia Kokulinda jicho, akageuka, akapiga hatua mbili pembeni kama wanaume wa umri wake wanavyofanya wakiwa na la kuficha. Kokulinda aliuona mgongo ule, akakumbuka asubuhi ya zile salamu.

Mgongo ukasimama. Mzee akakaa hivyo, simu sikioni, huku mkewe bado anaongea. Kisha akarudi zile hatua mbili.

"Ng'ombe wa mama yako, yule mwenye mimba, amekufa alfajiri ya leo pamoja na ndama," akasema. "Mama yako anasema nisikwambie mpaka utoke. Mimi nimekwambia."

Kokulinda alimtazama. Alikuwa ng'ombe mzuri yule, na mama yake alimpenda kama mtu. Ilimuuma, na maumivu yale yalikuwa na mahali pa kukaa.

"Pole, taata. Mpe mama pole. Mwambie nitampigia mwenyewe nikitoka."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Najua," akasema mzee, akampa rula yake.

Akapita langoni. Alikuwa amefika karibu na mlango wa ukumbi aliposikia sauti ya baba yake nyuma, anaongea na mlinzi, sauti isiyojua kunong'ona.

"Umemwona huyo wa blauzi ya kijani? Binti yangu huyo. Ana sapu ya Takwimu."

"Sapu, mzee?" Mlinzi alidhani hakusikia vizuri, maana hakuna mzazi anayelitamka neno hilo pale langoni ila kwa kuinama.

"Sapu!" akasema Muganyizi, na wanafunzi wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Alifiwa, akajua, akafaulu nne, na ya tano ndiyo hiyo anairudia. Wewe umeona wangapi wa hivyo?"

Kokulinda hakugeuka. Alinyoosha mgongo, akaingia, akapita viti vyote vya nyuma, akaketi mbele kabisa.